Chumba cha mama, ghorofa ya tatu: nimekitumia miezi mitatu

Kazini kwetu kuna chumba cha mama, yaani cha kukamulia maziwa ya mtoto. Kazi yetu ni kupokea simu za wateja. Ofisi iko Posta, Dar es Salaam, mimi naishi Kimara. Nilipojifungua nilipata likizo ya siku 84 kama sheria inavyosema (mwenye mapacha hupata 100), nikarudi kwenye hedifoni mwanangu hajatimiza hata miezi mitatu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Haya, toka Posta na basi la mwendokasi hadi Kimara, mnyonyeshe, mcheulishe, rudi. Halafu uniambie umefika saa ngapi. Ndiyo maana wengi wetu tunazichukua saa hizo jioni, tunatoka mapema, na mchana kutwa kifua kimejaa, blauzi inalowa huku unamwambia mtu, "Karibu, nikusaidie nini?"

Mtoto wangu wa kwanza nilimkamulia chooni, kwa mwajiri mwingine. Nilikaa juu ya kifuniko na yale maziwa nikayamwaga kwenye sinki, maana hapakuwa na pa kuyaweka. Kwa hiyo mkinisikia nasifia stoo ya karatasi iliyopakwa rangi, mnielewe.

Ndiyo, kilikuwa stoo. Sasa kina viti viwili, meza ndogo, soketi mbili, pazia zito, friji fupi na sinki lenye maji. Ningeambiwa nichague kimoja kibaki, ningechagua sinki. Pampu ya kukamulia ina vikorokoro vingi, na kuviosha kwenye sinki la jikoni la ofisi, katikati ya watu wanaosuuza vikombe vya chai, ni mtihani. Hapa naosha, naanika juu ya kitambaa, natoka. Nakamua saa nne na nusu na saa nane, dakika ishirini na tano kila awamu. Jioni naondoka na chupa mbili kwenye kiboksi cha barafu, na kesho yake dada anamnywesha mtoto kwa kikombe kama nesi wa kliniki alivyotufundisha.

Friji ndilo lenye maneno. Maziwa ya mama hukaa kwenye friji hadi siku nne, kwa hiyo ya kwangu ya kutwa moja hayana shida. Shida ni umeme. Ukikatika, jenereta inawasha kompyuta, lifti na hata mashine ya kahawa. Soketi ya chumba cha mama haimo kwenye laini ya jenereta. Nimelisema hilo mara tatu. Fundi alikuja, akaitazama soketi, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Pia kuna mtu, na tunamjua, alihifadhi dagaa wake humo siku nzima. Mama wa usafi alimsemesha mbele ya watu, "Mwanangu, hiki ni chakula cha watoto wachanga, si bucha." Tangu hapo hatujaona dagaa.

Wiki ya kwanza mlango haukuwa na kitasa. Kaka mmoja aliingia akitafuta katoni za risiti, akatoka kinyumenyume akiomba radhi mpaka kwenye korido. Kitasa kilifungwa kesho yake asubuhi. Sijawahi kuona ombi likishughulikiwa haraka namna ile.

Lakini kilichokaribia kukiua chumba hiki kilikuwa kwenye kompyuta. Kwetu ukiacha simu lazima ubonyeze sababu: chakula, mafunzo, mapumziko. Mapumziko yakipita dakika kumi na tano jina lako linageuka jekundu kwenye skrini kubwa ukutani, wote wanaliona, na mwisho wa mwezi linagusa bonasi. Mwezi wangu wa kwanza humo nilikuwa nakamua huku nimekodolea macho saa ya simu, na aliyewahi kukamua anajua: ukiwa na wasiwasi, maziwa hayashuki. Nilikuwa natoka na robo chupa. Nilimwendea supavaiza, yeye naye ana watoto, nikamwonyesha ile chupa. Hakusema mengi. Wiki mbili baadaye kikaongezwa kitufe kipya kilichoandikwa "Mama", hakina wekundu wala hakihesabiwi kwenye bonasi. Tangu siku hiyo chupa zinajaa.

Kwa watu wa utumishi wanaopanga kujenga chumba kama hiki: rangi ya waridi na picha ya kondoo ukutani hatukuziomba. Leteni feni. Januari mle ndani ni tanuri.

Jumatatu amerudi mwenzetu mmoja kutoka likizo, akaniuliza kwa sauti ya chini chumba kiko wapi. Nimempeleka mwenyewe. Shoga, kiti cha bluu kinayumba, kaa kile cha kahawia.