Leza ya kijani ya kuelekezea: ipi ununue Mwanza na ipi uiache pale pale kwa muuzaji

Ukipita soko la Makoroboi hapa Mwanza jioni utazikuta leza hizi zimelazwa kwenye kitambaa pamoja na chaja, hedifoni na kava za simu, muuzaji anawasha moja anapiga ukuta wa ghorofa la ng'ambo, doa la kijani linaonekana na jua bado lipo, watu wanashangaa, mtu anatoa hela. Mi nafundisha fizikia sekondari na usiku wa giza huwa natoka na wanafunzi kwenda juu ya mawe kule Luchelele kuangalia nyota, kwa hiyo hizi leza nimezishika nyingi, na kila mwalimu au mchungaji anayeniulizia namwambia hivi: chukua yenye nguvu ndogo kabisa inayotosha kazi yako, mana kuonekana vizuri kunaletwa na rangi zaidi kuliko nguvu.

Jicho la binadamu mchana linaona vizuri zaidi kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, ambayo ni kijani. Leza ya kijani ya kawaida ni 532, iko jirani kabisa na hapo. Nyekundu ya bei rahisi ni 650, huko jicho limeshachoka, ndo maana ukiwasha kijani na nyekundu za nguvu sawa, kijani inaonekana kama mara 8 zaidi. Sasa kama kijani ya miliwati 1 inaonekana freshi ukumbini, hiyo ya 100 unaitafutia nini?

Namba moja kwangu, kwa darasa, semina na kanisani, ni ile rimoti ya kubadilisha slaidi yenye leza ya kijani ndani, iliyoandikwa daraja la 2 la usalama wa leza, yaani chini ya miliwati 1. Ikipiga jicho kwa bahati mbaya, jicho linafumba lenyewe ndani ya robo sekunde na hapo linakuwa limejiokoa. Ukiikuta ya nanomita 520 chukua hiyo, kwa sababu kijani yake inatoka moja kwa moja kwenye dayodi, yaani kile kipande kidogo kinachotoa mwanga (sababu yake inakuja hapo chini). Ila kama shule yenu inatumia TV badala ya projekta, jua kabisa leza yoyote inafifia kwenye kioo cha TV na inarudisha mwanga kwa wanafunzi, hapo fimbo ya mwanzi inafanya kazi vizuri zaidi na haili betri.

Namba mbili ni ya nyota. Hapa unahitaji ule mstari uonekane hewani, watoto wafuate mpaka kwenye Kilimia au Msalaba wa Kusini, na mstari huo unaonekana kwa sababu hewa na vumbi vinatawanya mwanga, na kijani inatawanyika kuliko nyekundu. Hapa nakubali 532 isiyozidi miliwati 5, daraja la 3R, lakini iwe inashikwa na mtu mzima tu. Miliwati 5 kwenye giza la kweli mbali na taa za mjini inatosha kabisa, nimewasimamisha watoto zaidi ya thelathini kwenye jiwe moja na wote wakaiona nyota niliyokuwa nawaonyesha. Iwashe sekunde chache, zima, ongea, washa tena.

Shida ya hizi za 532 iko ndani. Kijani hiyo haizaliwi kijani. Kuna dayodi inatoa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ya nanomita 808, inasukuma fuwele inayotoa infraredi nyingine ya 1064, halafu fuwele ya pili ndo inaigeuza kuwa 532. Mwishoni panatakiwa kuwe na chujio la kuzuia infraredi iliyobaki, na kwenye za bei chee chujio mara nyingi halipo. Infraredi huioni kwa hiyo jicho halifumbi, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina maumivu ya kukushtua. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza leza moja ya kijani iliyokuwa inatoa infraredi nyingi kuliko kijani yenyewe, na 2013 ikasema katika leza 122 ilizopima, karibu asilimia 90 ya za kijani zilikuwa nje ya kanuni za usalama za kule, wakati nyekundu zilikuwa kama asilimia 44. Kwa hiyo stika ya "5mW" ni ahadi ya aliyeibandika tu.

Unaweza kupima mwenyewe na CD. Kwanza elekeza rimoti ya TV kwenye kamera ya simu, bonyeza, ukiona taa yake inawaka kwenye skrini ujue kamera hiyo inaona infraredi (ya mbele mara nyingi ndo inaona). Kisha toboa karatasi, pitisha leza kwenye tundu ipige CD, madoa yatarudi kwenye karatasi. Wewe angalia karatasi tu, usiangalie CD, piga picha. Picha ikiwa na madoa ambayo macho yako hayakuyaona, infraredi inavuja, rudisha.

Namba tatu ni nyekundu, kwa darasa dogo lenye mapazia. Rahisi, haina mambo ya fuwele, ukipata ya 635 inaonekana zaidi ya 650. Inatosha.

Za kuacha ni mbili. Ya zambarau ya 405 jicho linaiona kidogo sana, kwa hiyo inakudanganya kwamba ni dhaifu kumbe nguvu iko pale pale. Na ile nyeusi ndefu yenye ufunguo mkiani na kofia ya kutoa vinyota, betri yake nene ya kuchaji, hiyo ndo naiogopa kuliko zote, na nimeiona mkononi mwa mtoto wa darasa la tatu anampiga nayo mwenzake usoni. Hata miliwati 5 inaweza kuumiza jicho mpaka kama mita 16, sasa hiyo unayoambiwa inawasha kiberiti je? Na huku kwetu kila kitu kinarudisha mwanga, bati jipya, dirisha la daladala, maji ya ziwa yakiwa yametulia.

Halafu kuna ndege. Uwanja wetu uko pembezoni mwa ziwa, ndege zinashuka usiku juu ya maji. Ule mwali unapanuka, ukifika kilomita moja ni kama mita nzima kwa upana, ukigusa kioo cha rubani unatapakaa kioo chote, na hata ya miliwati 5 inaweza kumvuruga rubani kutoka kilomita tatu na nusu. Mi nikisikia tu mngurumo nazima na kuiweka mfukoni mpaka ipite. Na wavuvi wa dagaa wakiwa kazini usiku kule ziwani, usiwapigie leza kuwasalimia.

Kama hiyo nyeusi ndefu iko tayari nyumbani kwako, toa betri leo, funguo zake weka mbali na watoto, na usimpe mtu mwingine.