Wati 5000 za Kariakoo: yaliyonikuta na amplifaya ya besi

Naandika hasira zikiwa bado kooni, na sitaki zipoe kwanza. Wewe unayetafuta amplifaya ya kushindania besi, ambaye hela umeshaihesabu na duka umeshalichagua, nivumilie kidogo.

Nina Noah ya zamani. Viti vya nyuma nimeng'oa, nimeweka boksi la spika mbili za inchi 15 nililochongewa na seremala aliyemchongea rafiki yangu, mchoro uleule, mbao zilezile. Kilichobaki kilikuwa amplifaya. Kwa wasiojua mchezo wetu: hapa hatutafuti utamu wa muziki. Gari linafungwa milango na vioo, kipimo kinabandikwa ndani kwenye kioo cha mbele, unapiga mlio mmoja mnene kwa sekunde chache, namba inasomwa kwa desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Basi. Anayeshinda ni mwenye namba kubwa.

Miezi kadhaa iliyopita nikaenda Kariakoo. Kijana aliyenipokea alikuwa mtamu kweli. "Karibu braza, umekuja siku nzuri." Akaishusha toka rafu ya juu ikiwa bado kwenye nailoni yake, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, ubavuni herufi za kung'aa: 5000W. Nikamuuliza RMS yake ngapi, maana wati ninazozitaka mimi ni zile amplifaya inazozitoa mfululizo, siyo za kufumba na kufumbua. Akacheka. "Braza, imeandikwa 5000. Unataka nini tena?"

Kulikuwa na wateja nyuma yangu. Nikaona haya kuuliza mara ya pili. Nikalipa 450,000. Akaniuliza risiti naitaka ya mashine au ya mkono, kwa sababu ya mashine bei inapanda. Nikachukua ya mkono. Mpaka leo ninayo: "Amp 1, 450,000". Modeli haijaandikwa, mhuri hausomeki. Akanipa na waya wa umeme, mnene, mwekundu, "zawadi yako hiyo braza". Nikatoka pale nikimshukuru.

Siku ya kushindana tulikutana kwenye uwanja wa wazi, magari kama kumi na tano. Raundi ya kwanza nikapata 133.2. Siyo aibu, lakini siyo wati 5000. Rafiki yangu mwenye boksi lile la seremala mmoja, spika kama zangu, Noah kama yangu, amplifaya yake imeandikwa 1500 tu. Akapata 137.1. Nikajua sauti nimeibana sana, nikaipandisha. Raundi ya pili, sekunde ya tatu au ya nne, kimya. Taa nyekundu. Imeingia protekti, imejizima kujilinda. Nikazima, nikawasha, nikapiga tena: kimya. Watu wamesimama kuzunguka gari, mimi nimeinama kwenye buti natazama kitaa kile chekundu. Sijawahi kuona dakika ndefu kama zile.

Kesho yake nikarudi dukani, na amplifaya kwenye boksi lake la karatasi. Sasa sikilizeni.

Kijana yule wa "braza" akajifanya hanijui kabisa. Bosi wake alikuwa kaunta anakula chipsi. Nikaeleza kwa heshima zote, "Bosi, shikamoo, mzigo huu nilinunua hapa, unajizima." Hakuinua uso. Akaisogeza amplifaya yangu kwa kiwiko, ili sahani yake ipate nafasi. Akamwambia kijana, "Mwambie asome risiti." Kijana, yuleyule, akaniambia mbele za watu: "Gari lako ndiyo bovu. Mziki mnene siyo wa kila mtu. Kama umeme huna, kanunue redio ya betri."

Watu wakacheka.

Kile kiwiko sikisahau. Nimetukanwa barabarani, nimetukanwa na makonda, hayo yanapita. Lakini mtu amekula 450,000 yako halafu anakisukuma kile ulichonunua kwake kama takataka iliyomkalia mezani! Hata neno moja la "pole" lingenitosha. Nilikuwa tayari kuongeza hela nibadilishiwe.

Nikaenda mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa fundi mmoja, mtu mzima, anafunga redio za magari tangu enzi za kaseti. Akaiangalia bila hata kuiwasha. Akanigeuzia upande wa nyaya, akaweka kidole: "Fyuzi ngapi hapa, mwanangu?" Mbili. Za kijani. Kila moja 30. Akasema hapo ndipo pa kuangalia kwanza, kabla ya herufi za kung'aa. Fyuzi mbili za 30 ni ampea 60. Gari likiwaka linatoa volti 14 hivi, zidisha, unapata 840. Hizo ndizo wati zinazoingia. Zinazotoka ni pungufu, kwa sababu hata hizi amplifaya za klasi D, zile zinazobana matumizi ya umeme, zinapoteza kama sehemu moja ya tano kwa joto. Umeme hauzai. Wati 5000 zitoke wapi?

Mimi, kwa uchungu wangu, bado nilitaka uthibitisho. Akanitendea haki. Kwanza akapima gari langu, na hapa lazima niseme kweli: yule kijana hakukosea kote. Injini ikiwa inaunguruma mita ilisoma 14.2, nikipiga mlio inaporomoka hadi 11.4. Altaneta ya gari kama langu haikuundwa kulisha kitu kama hiki, na umeme ukishuka hivyo amplifaya nyingi zinajizima kujilinda. Kwa hiyo ndiyo, umeme wangu ulikuwa dhaifu. Nilikubali, ingawa iliniuma.

Halafu akachukua kisu akakwaruza ule waya mwekundu wa zawadi. Juu rangi ya shaba, ndani weupe. Aluminiamu iliyovishwa ngozi ya shaba! Unene wote ule, na umeme unaopita ni mdogo kuliko wa shaba tupu ya unene huohuo. Zawadi yangu hiyo.

Akaweka waya wa shaba, akafunga betri mbili na chaja kubwa, volti zikatulia 13.5 hata chini ya mzigo. Akapiga mlio wa hezi 40, akapandisha mpaka unaanza kukoroma, akabana mita kwenye waya mwekundu. Ampea 58. Zidisha mara 13.5: wati 783 zinaingia. Hata kama kitu kile kisingepoteza wati moja kwa joto, kisingefika 800. Akakadiria zinazotoka ni 600 na ushei. Ili zitoke 5000 kweli, pale kwenye waya zingepaswa kupita ampea zaidi ya 450. Nikakumbuka namba za uwanjani. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Mimi 600, rafiki yangu 1500 za kweli, tofauti ni desibeli 4. Na ndivyo kipimo kilivyosema, karibu kabisa! Amplifaya ya rafiki yangu nilikwenda kuiangalia jioni ileile: fyuzi nne za rangi ya chungwa, za 40 kila moja. Inafanana na kilichoandikwa. (Kubwa zaidi ya hizo nyingi hazina fyuzi mwilini, zinataka fyuzi ya nje karibu na betri, kwa hiyo hapo uliza karatasi ya vipimo na utazame ukubwa wa tundu la waya.)

Mwisho akafungua mfuniko. Bodi imeishia katikati. Nusu ya lile umbo refu kama mkono wangu ni hewa.

Nilikuwa nataka niishie hapo, nyota moja, msinunue. Lakini siwezi kusema uongo kama wao. Amplifaya ile sasa iko kwenye IST ya shemeji yangu, anapigia spika moja ya inchi 12, na haijajizima hata siku moja. Besi yake inadunda vizuri, kioo cha nyuma kinatetemeka, shemeji anafurahi. Ingeandikwa 600 na kuuzwa laki mbili, ningewaambia nunueni kwa ajili ya gari la kawaida. Kifaa chenyewe hakina kosa, ni kifaa kidogo cha kawaida kilichobandikwa jina la mkubwa. Nyota tatu kingestahili.

Hapana. Nimesoma nilichoandika na nafuta hizo tatu. Mtu haendi dukani kununua "kingeandikwa". Anakwenda na hela yake aliyoitolea jasho, ananunua kilichoandikwa. Wanaoshughulikia bidhaa bandia wapo, Tume ya Ushindani, FCC, na nilikwenda mpaka kuulizia. Nitawaonyesha nini? Kikaratasi cha "Amp 1". Ile tofauti ya bei ya risiti ya mashine ndiyo ingekuwa ushahidi wangu. Dai risiti ya mashine, ndugu yangu, hata ukiambiwa bei inapanda.

Juzi nimepita pale tena. Nilikuwa natafuta fyuzi tu, duka la jirani. Kijana wa miaka kama ishirini amesimama kaunta ileile, noti ziko mkononi, na kule juu rafuni nyingine kama yangu imeshaanza kushushwa. Sikupanga kusema kitu. Nikajikuta nimesimama mlangoni: "Mdogo wangu, kabla hujatoa hela, igeuze uhesabu fyuzi." Yule muuzaji akaniangalia, na safari hii alinikumbuka, niliona usoni. Akaniambia niondoke dukani kwake. Kijana hakunijibu, lakini aliivua ile nailoni, akaigeuza, akainama kusoma.