Fataki za gobore za kopo la zamani: usizitegemee shambani

Ukikuta kopo la bati la fataki (vikofia vidogo vya shaba vinavyowasha baruti ya gobore) la kampuni ya Eley Brothers wa London kwenye sanduku la marehemu babu, Newala au Nachingwea (makopo yao mengi yalifungwa fataki 250), usikimbilie kulipeleka kwenye shamba la korosho kufukuzia nguruwe. Kama pambo, ni zuri sana. Kama kifaa cha kazi, alama mbili kwa kumi.

Dawa ya kulipuka ndani ya fataki nyingi za karne ya 19 ni fulmineti ya zebaki (kemikali inayolipuka ikipigwa) iliyochanganywa na kloreti ya potasiamu. Joto huichosha fulmineti, na joto la huku kusini mnalijua. Mimina chache kwenye kitambaa uziangalie: shaba ikiwa na ukungu wa kijani, au dawa imepasuka na kudondoka unga, weka kando. Usikwangue, usichokonoe kwa msumari. Hapo ndipo vidole vinapoondoka.

Inayoonekana nzima bado ina visa. Ikiwa ndogo kuliko chuchu ya gobore (kibomba kidogo chenye tundu kinachovishwa fataki), haifiki chini: pigo la kwanza la nyundo linaisukuma tu, la pili ndilo linailipua. Wengi husema "fataki mbovu" kumbe ni kipimo. Ikilegea, watu huiminya kwa meno (jamani!) au kwa vidole; suluhisho ni kubadili chuchu, si kuminya. Isukume kwa kijiti cha mti, mtutu ukielekea pasipo na mtu.

Kabla ya kushindilia baruti, piga fataki moja tupu, mdomo wa bunduki karibu na jani kavu chini. Jani likiruka, njia iko wazi. Lisipotikisika, mafuta yameziba chuchu. Ikigoma bunduki ikiwa imeshindiliwa, ielekeze salama dakika nzima au zaidi kabla ya kugusa chochote. Moto unaweza kuchelewa.

Kloreti huacha chumvi, na chumvi hunywa unyevu. Mafuta peke yake hayaiyeyushi. Osha mtutu na chuchu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Usifyatulie ndani ya chumba, zebaki hupanda hewani.

Za kazi nunua mpya, kwa muuzaji mwenye kibali, namba 10 au 11 kulingana na chuchu yako, uziweke kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na baruti. Zilizoharibika usichome wala kutupa jalalani: piga simu kituo cha polisi uulize utaratibu, kisha uende na leseni yako.