Kununua Chaivu Nairobi: Anza na Shina Lenye Mizizi

Chaivu ni ndugu mdogo wa kitunguu. Majani yake ni membamba na yana uwazi ndani kama mrija, nayo hukatwakatwa mabichi juu ya mayai, viazi au kachumbari. Mkazi wa Nairobi anayetaka kuipanda nyumbani ana njia nne za kuipata, nazo hazilingani hata kidogo, kwa hiyo nazipanga kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi.

Ya kwanza ni shada lililokwisha kuota ndani ya chungu au mfuko, linalopatikana kwa wauzaji wa miche walio kandokando ya barabara za Ngong, Lang'ata na Kiambu. Shada lililoshiba vizuri huweza kuvunwa baada ya wiki chache tu za kuzoea mahali papya. Hata hivyo, usishawishiwe na urefu wa majani, kwa sababu majani marefu yaliyolala aghalabu ni ya mmea uliokosa jua. Mwombe muuzaji akuruhusu kuinua mfuko utazame chini yake: mizizi myeupe inayochungulia kwenye matundu ni dalili njema, lakini ikiwa imejisokota tele au udongo unanuka uvundo, urudishe. Kisha achanisha majani ya katikati, kwani humo ndimo wanamojificha thripi, wadudu wadogo mno wanaofyonza utomvu na kuacha michirizi ya rangi ya fedha, na ukiwabeba hadi nyumbani watahamia kwenye vitunguu vyako vingine. Mwishowe, vunja jani moja ulinuse. Likiwa bapa na lenye harufu ya kitunguu saumu, basi hiyo ni aina nyingine, inayotoa maua meupe, ilhali chaivu ya kawaida hutoa maua ya zambarau. Zote mbili huliwa, na mimi huipenda ile bapa kwenye nyama ya kukaanga, lakini si haki mnunuzi kuuziwa moja kwa jina la nyingine.

Ya pili ni kipande cha shada kilichogawanywa, kwa kununua au kwa kuomba kwa jirani, kwa kuwa chaivu iliyokomaa hustawi zaidi ikigawanywa kila baada ya miaka miwili au mitatu. Hapa gharama yako ni chungu na udongo. Wanaoishi Embakasi au South C, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, wasiipande moja kwa moja ardhini. Watafute chungu chenye matundu, chenye upana wa sentimita 20 hivi, wachanganye udongo mwekundu, mchanga kidogo na samadi iliyooza kabisa, kisha wakiweke kwenye roshani inayopata jua kwa muda wa saa sita kila siku.

Mbegu naziweka nafasi ya tatu. Mbegu za jamii ya kitunguu hupoteza uhai upesi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, hivyo tarehe iliyo kwenye pakiti ni muhimu kuliko picha yake. Niliwahi kununua pakiti ambayo tarehe yake ilikuwa imefutika, nikamwagilia trei kwa mwezi mzima, na hata mche mmoja haukuchomoza. Zilizo hai huota kati ya wiki moja na tatu, lakini utasubiri takriban miezi mitatu kabla ya kuvuna.

Ya mwisho ni fungu lililokatwa, la supamaketi au la soko la City Park. Linafaa kwa pishi moja tu. Kitunguu majani cha mama mboga huja na mizizi na ukikipanda huchipua tena, lakini fungu la chaivu hukatwa juu ya mizizi, kwa hiyo halipandiki.

Ukishaipata, vuna kwa mkasi ukiacha sentimita tatu hadi tano juu ya udongo, na uitie kwenye sufuria ya chakula baada ya kuzima moto, kwa maana joto la muda mrefu humaliza ladha yake. Iwapo unafuga mbwa au paka, weka chungu mahali wasipofikia, kwa sababu mimea yote ya jamii ya kitunguu ni sumu kwao.