Gari la spoti la zamani kwa mtu wa Mbeya na Iringa: lipi ununue kwanza, lipi uliache

Toyota Celica langu nililinunua Iringa, pale Kihesa, mwezi wa saba, saa sita mchana. Kosa la kwanza limo humo humo kwenye saa. Nilikuta limeshawashwa, boneti ya moto, linanguruma vizuri. Dalali akaniambia, "Bosi, gari haina tatizo, we weka mafuta tu." Kesho yake alfajiri, baridi ikiwa bado imeganda kwenye vioo, nilipiga stata na uani pakajaa moshi wa bluu. Injini ilikuwa inakula oili, na ilikuwa inakula tangu zamani. Mchana tu ndiyo ilikuwa haisemi.

Tangu hapo nimeandamana na watu wengi kwenda kuangalia magari haya, Mwanjelwa, Uyole, Makambako, mpaka Mafinga. Mtu akiniuliza anunue lipi, nami namuuliza: spea ikifa Ijumaa, itapanda basi kutoka Dar ikufikie Jumapili, au itapanda ndege kutoka Japani? Orodha yangu yote imepangwa kwa swali hilo. Uzuri wa gari nauweka nafasi ya pili, na mtanilaumu kwa hilo, hasa wenye Mazda Roadster.

Kabla ya orodha, jambo moja la huku kwetu ambalo mwuzaji wa Dar hatakueleza. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa iko chini yake kidogo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa zaidi, inapoteza nguvu kama asilimia 15 hivi ukilinganisha na ilivyokuwa Kigamboni. Gari la kabureta lililotegeshwa pwani likifika huku linakula mafuta kupita kiasi na plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria. Injini ya sindano, ile inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta, inajirekebishia mchanganyiko yenyewe, ila nguvu iliyopotea hairudi. Turbo inafidia sehemu kubwa. Na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kinachobana presha sawasawa ni kitu cha kufa na kupona. Ni kifaa cha bei ya chakula cha mchana, na ndicho kilichoniweka pembeni ya Kitonga, boneti wazi, nikisubiri dereva wa lori anigawie maji.

Namba moja: Toyota Altezza

Wapo watakaosema Altezza siyo la zamani. Lilianza kutoka 1998. Hesabu mwenyewe.

Linasukuma kwa matairi ya nyuma, na lina milango minne, kwa hiyo mama watoto hatakuuliza maswali mengi. Yapo mawili, na madalali wanapenda kuyachanganya. RS200 lina injini ya 3S-GE ya lita 2.0, na lile la gia sita za mkono lilitangazwa kuwa na nguvu farasi 210. AS200 lina 1G-FE, silinda sita za mstari, polepole zaidi lakini laini. Fungua boneti usome mwenyewe, usisome nembo ya nyuma, nembo zinauzwa.

Kwa mtu wa huku mimi nampa AS200 bila aibu. Injini ile ile imo kwenye Mark II za GX110 zilizojaa mjini, fundi ameshaishusha mara nyingi, na spea unaipata Mwanjelwa au unaagiza Gerezani, Dar, ikapakiwa kwenye basi. RS200 ni tamu zaidi, inataka kupigwa mizunguko ya juu ndipo iamke, ila vipuri vyake vya silinda hedi ni vya kutafuta.

Hofu kubwa ya Altezza ni vijana waliolimiliki kabla yako. Mengi yamechezewa drifti, ule mchezo wa kuteleza kwa makusudi kwenye kona, na wapo waliochomelea difu ili matairi yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Kipimo chake ni rahisi: tafuta uwanja, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu. Likirukaruka nyuma na matairi yakilia kama mbuzi, difu imechomelewa. Rudisha ufunguo, sema asante.

Namba mbili: Celica ya taa nne za mviringo

Hapa nina upendeleo, nimeshawaambia. Hii ni ST202, ya miaka ya 1993 hadi 1999. Inavuta kwa matairi ya mbele, jambo linalowaudhi wapenzi wa drifti, lakini barabara ya Tukuyu ikilowa utaelewa kwa nini sijalalamika. Toleo la SS-I lina 3S-FE, injini ya RAV4 za kwanza na Corona, yaani spea ziko kila mahali. SS-II lina 3S-GE. Langu ni SS-I, na baada ya kubadilisha sili za valvu na pete za pistoni moshi ulikwisha. Iliniuma mfukoni, ila kila kitu kilipatikana ndani ya wiki moja. Hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo.

Jina la Celica lina heshima Afrika Mashariki kwa sababu ya Safari Rally: lilishinda 1984, 1985 na 1986, likarudi likashinda tena 1990, na kuanzia 1992 hadi 1995 halikuachia mtu. Ushindi wote wa kuanzia 1990 ni wa Celica GT-Four, lenye turbo na linalovuta matairi manne. Ukiuziwa GT-Four kwa bei ya Celica ya kawaida, basi ama mwuzaji hajui alichonacho, ama wewe hujui. Mara nyingi ni wewe.

Namba tatu: Subaru Impreza WRX ya kwanza

Ile ya 1992 hadi 2000. Kwa mwinuko huu turbo yake ni raha tupu: barabara ya Mbeya kwenda Chunya, pale inapopanda kuliacha jiji chini, wenzako wanashusha gia, wewe unaongeza mafuta tu. Dereva wa rali Colin McRae alishinda na Impreza Safari Rally mwaka 1997, na udongo wetu inaujua.

Nimeishusha mpaka nafasi ya tatu kwa sababu haivumilii uzembe. Oili ikipungua kidogo, beringi za chini zinagonga, na injini nzuri ya kubadilishia ni bei ya bodaboda mbili au tatu. Gia boksi za mwanzo ni dhaifu kwa mtu anayeondoka kwa fujo. Kubadilisha plagi tu, kwa jinsi injini ilivyolala ubavuni, kunamtoa fundi jasho na maneno. Ikiwa imeongezewa presha ya turbo na mtu asiyeweza kukuambia ni kiasi gani, iache.

Namba nne: Mazda Roadster

Gari hili likipita Uhindini watoto wanakimbia nyuma yake. Lilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster: viti viwili, injini ya lita 1.6, uzito chini ya tani moja, taa zinazofumba na kufumbua. Kwa kuendesha tu, kwa ule utamu wa usukani, ningeliweka namba moja nikafunga mjadala.

Lakini hudi, yaani paa lake la kukunja, ni ya turubai, na Tukuyu mvua hainyeshi kwa kubembeleza. Maji ya juu yanashukia kwenye vijitundu nyuma ya viti. Vikiziba kwa majani na vumbi, maji yanatuama ndani ya vizingiti vya chini ya milango na bodi inaoza kuanzia ndani. Ukienda kuliangalia, beba chupa ya maji, mimina taratibu pale nyuma kwenye kona ya hudi, kisha chungulia chini ya gari. Maji yasipotoka, usiendelee na mazungumzo ya bei. Injini ina undugu na za Mazda Familia, kwa hiyo hiyo siyo shida. Vioo, hudi na vipande vya bodi ndivyo utakavyovisubiri miezi.

Namba tano: MGB, kwa mwenye subira

Muingereza huyu alitengenezwa 1962 hadi 1980. Utashangaa nikikwambia spea zake mpya zipo nyingi kuliko za Mjapani yeyote humu. Hata bodi nzima mpya imekuwa ikitengenezwa Uingereza tangu 1988. Tatizo ni posta, ushuru na kungoja. Kabureta zake mbili za SU zitahitaji kutegeshwa upya kwa mwinuko wetu, na fundi wa kutegesha ni mzee wa Land Rover, siyo kijana wa kompyuta. Niliye naye mimi yuko Iringa. Ukifika unaanza na "Kamwene, baba", unakaa, habari za gari zinafuata baadaye. Spana ziwe za inchi. Na kama ni la kabla ya mwishoni mwa 1967, huenda betri inaunga chanya kwenye bodi. Fundi umeme asiyejua hilo ataunguza vitu kabla ya chai.

Yasiyo kwenye orodha ni Toyota AE86 na Datsun 240Z. Nayapenda yote. Datsun lilishinda Safari 1971 na 1973, na wazee wanalisimulia mpaka leo. Ila dunia nzima imeshayapandisha bei, na ukilipata la bei rahisi ujue kuna kitu kimefichwa chini ya rangi.

Kukagua

Nenda alfajiri, na umwambie mwuzaji asiwashe mpaka ufike. Gusa boneti kabla ya kusalimiana vizuri. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando mweupe kama mtindi kwa ndani, huenda gasketi ya silinda hedi imekufa. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini, ipitishe kwenye bodi, juu ya matairi na chini ya milango. Inaposhika ni chuma. Inapodondoka ni pati ya kuzibia kutu na mabonde. Celica langu lilikuwa na sehemu ya ukubwa wa sahani ya wali ambayo sumaku haikushika kabisa, ila niliigundua wiki mbili baada ya kulipa. Inua zulia la buti uangalie shimo la tairi la akiba. Gari lililokaa Dar au Tanga miaka kumi lina kutu ya chumvi ya bahari. La kaskazini mwa Japani lina ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji.

Tairi zitazame ubavuni, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo tairi huwa na meno mazuri na mpira uliokwisha kufa.

Kwenye kuagiza, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha TRA. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30 ya uchakavu, na yote haya tunayoyapenda yamezidi. Ndiyo maana la hapa nchini lenye kadi safi mara nyingi ni nafuu kuliko la mnadani Japani. Ukiagiza hata hivyo, dai karatasi ya mnada; daraja la R maana yake liligongwa likatengenezwa. Namba ya chesisi uisome kwenye chuma, siyo kwenye picha ya WhatsApp.

Katika kila milioni kumi ulizonazo, nunua gari la milioni saba. Tatu zitaondoka miezi sita ya kwanza, kwenye mpira, bushi, tairi, rejeta na taimingi belti ambayo mwuzaji ataapa ameibadilisha. Ibadilishe tena.