Matibabu safi, ila siku ya ruhusa mjipange (hospitali binafsi, Dar)

Nyota 3 kati ya 5. Nimemuuguza mama kwenye hospitali moja binafsi hapa Dar, sukari ilipanda ikabidi alazwe. Kwenye matibabu sina neno, madokta wanakusikiliza, manesi wa usiku ukiita wanakuja, wodi safi. Shida ni kutoka.

Dokta kapita raundi saa 3 asubuhi akasema mama leo unaenda nyumbani. Tukakusanya vyombo, kaka akaomba ruhusa kazini aje na gari. Tumetoka magharibi inaadhiniwa! Dokta hajaandika karatasi ya ruhusa maana kaingia thieta, akishaandika faili liende famasi kwa ajili ya dawa za nyumbani, lirudi kwa nesi, ndo liende ofisi ya bima, na huko ndo linalala. Naelewa kwa nini wanakagua, NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) wanalipa kwa kilichojazwa kwenye fomu, sahihi ikikosekana dai linakatwa hasara inakuwa ya hospitali. Sawa, lakini vipimo vya tangu juzi si vingejazwa juzi hiyo hiyo? Mnasubiri mpaka mgonjwa ashavaa viatu ndo mnaanza kumtafuta dokta asaini?

Kilichoniuma kuliko vyote ni chakula. Ukishaandikwa umeruhusiwa jikoni wanakutoa kwenye orodha, mchana sahani zinapita kitanda hadi kitanda mama haletewi, na ni mtu wa sukari kachomwa insulini asubuhi. Akaanza kutetemeka, jasho linamtoka. Nikamkimbilia sista, kupima imeshuka, akampa glukosi ya kunywa na akamtafutia chakula mwenyewe, Mungu ambariki sana yule dada. Uongozi hili mlishughulikie leo, kabla hata ya mafaili. Mgonjwa akiwa bado kitandani kwenu ni wenu, mpeni chakula.

Na muda wote huo emajensi watu wako kwenye machela wanasubiri kitanda, huku juu mama kakikalia kitanda na baibui lake la safari. Inauma.

Kwa mnaouguza hapo: jioni ukiona mgonjwa ana nafuu muulize dokta kama kesho kuna ruhusa, na umuombe nesi aanze kukamilisha fomu ya bima usiku huo huo. Fomu isomeni kabla mgonjwa hajasaini. Mnaolipa keshi ulizeni mapema ikipita saa ngapi mnahesabiwa siku nyingine ya kitanda. Chakula cha mchana bebeni. Hakikisheni kanula (kile kimrija cha dripu) imetolewa mkononi na tarehe ya kliniki imeandikwa, sisi ya kwetu haikuandikwa mpaka nilipouliza. Halafu geti pasi mchukue kabisa kwa keshia, sisi mlinzi alituzuia mama ashakaa kwenye gari, ikabidi nipande tena juu kuifuata.