Gesi iliyotikisika kama maji: yaliyonipata kwa wakala wa vipimo vya hospitali Mtwara

Nimepulizia salfa mikorosho yangu huko Newala tangu ujana, mara nyingi nikiwa nimejifunga kitambaa tu puani, na sasa siwezi kutoka nyumbani hadi msikitini bila kupumzika njiani mara mbili. Daktari aliniandikia CT ya kifua, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Hakuniandikia MRI, ile mashine inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku, na nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo chimbuko la hasira yangu.

Wakala niliyeelekezwa ana ofisi mjini Mtwara, na kazi yake ni kuwapangia wagonjwa miadi ya vipimo Dar es Salaam. Kijana niliyemkuta mezani hakuniamkia. Alikisoma cheti changu nusunusu huku jicho moja likiwa kwenye simu, akasema kipimo nilichoandikiwa kimepitwa na wakati, kwani siku hizi ipo gesi mpya kutoka Marekani inayofanya mapafu yaonekane vizuri kwenye MRI, nao wanayo. Gesi peke yake ni shilingi laki nne na nusu, mbali na kipimo chenyewe na nauli.

Nisimsingizie, gesi ya namna hiyo ipo kweli, na mwanangu alikuwa ameshanieleza habari zake. MRI hutegemea zaidi haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili, na kwa kuwa mapafu yamejaa hewa, kwenye picha hutoka kama pango jeusi. Mgonjwa akivuta zenoni iliyotayarishwa maalumu, gesi yenyewe ndiyo inayotoa ishara na kuonyesha hewa inafika wapi na inakwama wapi. Marekani iliidhinisha zenoni ya kampuni ya Polarean mwezi Desemba 2022, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Kwa hiyo sikwenda pale nikiwa mbumbumbu.

Nilipoomba kuiona, kijana alifungua kisanduku cha barafu kama kile cha kubebea chanjo, akatoa kichupa cha kioo, akakitikisa mbele ya uso wangu kwa majivuno. Ndani mlikuwa na kimiminika cheupe kama maji ya mvua. Nikamuuliza, kwa adabu kabisa, ni gesi gani hiyo inayotikisika kama maji.

"Mzee, wewe lipa, mambo ya kitaalamu tuachie wenyewe."

Hilo neno "wenyewe" bado linanichoma. Sisi wa kusini tumewazoea wanunuzi wa kangomba, wanaotupimia korosho kwa bakuli na kukasirika tukiuliza bakuli lina ujazo gani, lakini sikutarajia kukutana na bakuli hilo kwenye mambo ya mapafu yangu. Hata hivyo nililipa. Mtu anayetafuta pumzi hana pumzi ya kubishana.

Dar es Salaam nilipokewa na mtaalamu wa picha, binti wa umri wa mwanangu, aliyeniamkia shikamoo kabla hajagusa karatasi zangu. Alisoma maandishi ya kichupa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba ile ni gadolinia, dawa ya kawaida ya sindano ya MRI, inayopita kwenye mishipa ya damu na wala haivutwi. Akaniuliza kama nimepimwa figo, kwa maana baadhi ya dawa za jamii hiyo zinaweza kumdhuru vibaya mtu ambaye figo zake zimechoka. Mtwara hakuna aliyeniuliza. Kuhusu zenoni alicheka: usumaku wake hutiwa na mashine maalumu iliyo karibu na MRI, mgonjwa huivuta kutoka kwenye mfuko na kubana pumzi kwa sekunde chache, na ikishaingia mapafuni na kukutana na oksijeni nguvu hiyo hupotea upesi mno. Haiwezi kupanda basi la Mtwara na kuvuka daraja la Mkapa ikiwa kwenye kisanduku cha barafu. Alinifanyia CT, kama daktari alivyoandika.

Nilirudi nikiwa nimeazimia kuwaambia watu wote waikimbie ofisi ile. Lakini lazima nikiri kwamba miadi waliyonipangia ilikuwa ya kweli na sikukaa foleni, na mwenye ofisi, mama mtu mzima, aliponisikiliza alinivutia kiti, akaniomba radhi mbele ya yule kijana na kunirudishia fedha za kichupa ndani ya bahasha. Nikatoka nikisema moyoni kwamba ofisi ni nzuri, kijana ndiye mbovu, na pengine hata yeye ni wa kufundishwa tu.

Nikahesabu fedha nilipofika stendi. Zilipungua elfu thelathini, na kwenye risiti waliandika: gharama ya kutunza gesi.